Sufuria Saba Mezani: Uchambuzi wa Kisa cha Kuilisha Nyumba ya Watu Tisa Wakati wa Ugonjwa

Kisa hiki kinahusu nyumba ya watu tisa: baba, mama, watoto sita ambao mkubwa wao alikuwa na miaka 16 na mdogo miaka 3, pamoja na bibi yao mzaa baba, ambaye ana kisukari. Aliyeugua ni mama. Alipangiwa dawa za saratani kwa mizunguko sita, kila mzunguko siku 21, yaani wiki 18 kwa jumla, na familia iliambiwa urefu huo tangu mwanzo. Naanza na hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu sisi majirani na marafiki tuliojitolea kupika tuliijua idadi ya wiki na idadi ya walaji, na bado tulipika kana kwamba tunahudumia shughuli ya siku mbili.

Nilikuwa mmoja wa wapishi, na baadhi ya makosa yatakayoelezwa hapa ni yangu mwenyewe. Swali ninalolichambua si kama watu walikuwa wakarimu, kwani walikuwa. Ni kwa nini ukarimu huo ulizaa chakula cha kumwagwa katika wiki ya kwanza na meza tupu katika wiki ya tatu, na nini kilibadilika baadaye bila mtu yeyote kuongeza matumizi yake.

Wiki tatu za mwanzo

Habari ya ugonjwa ilipoenea, kila aliyesikia alibeba sufuria. Siku ya kumi ya mzunguko wa kwanza sufuria tatu za wali ziliingia katika nyumba hiyo kati ya saa kumi na mbili jioni na saa tatu usiku, kila moja ikiwa imejaa, na kila aliyeileta akiwa hajui kuhusu mwenzake. Friji ya familia ina rafu tatu, na tayari ilikuwa na vyakula vya siku iliyotangulia. Sufuria moja iliwekwa ndani kwa kusukumizwa, nyingine ikaliwa, na ya tatu ikabaki juu ya meza ya jikoni ikiwa imefunikwa, mpaka asubuhi.

Saa moja asubuhi watoto wawili, wa miaka 8 na 11, walipashiwa kiporo hicho na kula kabla ya kwenda shule. Kufikia saa nne wote wawili walikuwa wanatapika. Hakuna kilichopimwa maabara, kwa hiyo sitaapa juu ya chanzo, lakini maelezo yanayolingana na saa hizo yanafahamika vyema. Mchele mkavu mara nyingi hubeba spora, yaani vijimbegu sugu, za bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambazo huhimili kuchemshwa. Wali ukibaki kwa saa nyingi katika joto la kawaida, spora huchipua, bakteria huongezeka, na baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha ambayo moto wa kupasha hauivunji. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Ndiyo maana kauli tuliyoisema sote jikoni siku ile, kwamba kiporo kilipashwa moto vizuri kwa hiyo hakina neno, haikuwa na msingi: aliyekipasha alifanya kazi yake, na kosa lilikuwa limeshafanyika usiku.

Watoto walipona siku hiyohiyo. Kinachonisumbua hadi leo ni siku yenyewe. Kwa dawa nyingi za aina ile, chembe nyeupe za damu, ambazo hulinda mwili dhidi ya maambukizi, hushuka hadi kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, na mama alikuwa katika siku ya kumi. Kwake yeye tumbo kuharibika si jambo la kulala na kunywa maji mengi. Homa katika siku hizo hupelekwa hospitali bila kusubiri kupambazuke. Wali ule ungeweza kupakuliwa kwake.

Hilo lilikuwa kosa la hatari. Mengine yalikuwa ya usumbufu, lakini usumbufu unaorudi kila siku ni mzigo. Chakula kilifika kwa saa ya mletaji, si kwa saa ya njaa. Watoto walirudi shuleni saa kumi wakiwa na njaa, wakala mkate na chochote kilichokuwapo, kisha sufuria iliyojaa ikafika saa mbili usiku walipokuwa wameshiba au wamelala. Mletaji naye aliketi sebuleni kumpa mgonjwa pole, na pole ile iligharimu saa nzima ya mtu asiye na nguvu ya kuketi, bila kutaja kwamba katika siku za kinga kushuka kila mgeni anayekohoa ni hatari. Bibi aliletewa mikate ya sukari kwa sababu ni laini na wazee huipenda, na hakuna aliyekumbuka kisukari chake. Jirani mmoja alileta juisi ya balungi akiamini inasafisha damu. Tunda hilo hubadilisha namna mwili unavyoshughulikia dawa kadhaa, na kwa bahati muuguzi aliitaja kabla haijanywewa.

Mimi nilileta supu ya maharagwe. Niliipika kwa moyo, yenye nyanya nyingi, pilipili na kitunguu saumu, nikampelekea mgonjwa bakuli la moto mpaka kitandani. Alikula vijiko viwili, akaomba radhi, na dakika chache baadaye akahamia chumba cha watoto kwa sababu harufu ilikuwa imejaa chumba chake. Alikuwa na vidonda mdomoni. Nilikuwa nimechagua kwa ajili ya mdomo wenye vidonda vitu vitatu vinavyouwasha, na nimevipeleka vikiwa vya moto, ilhali chakula cha moto ndicho kinachotoa harufu kali kwa mtu mwenye kichefuchefu. Watoto waliimaliza supu ile yote na kulamba mwiko. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tulikuwa tunapika chungu kimoja kwa ajili ya nyumba mbili zilizo chini ya paa moja.

Kufikia mwisho wa wiki ya tatu wimbi lilikwisha. Hakuna aliyekataa, kila mmoja alidhani mwingine anapeleka. Nilipofika Jumamosi moja mchana nilimkuta binti mkubwa mbele ya karo akisugua ukoko wa sufuria isiyo ya kwao. Mezani kulikuwa na nyingine sita zilizooshwa, zimepangwa kwa ukubwa, na hakujua hata moja ni ya nani. Aliniambia, "Shangazi, chakula cha watu tulikwisha kumaliza Jumatano. Siku hizi naosha tu." Nimeandika uchambuzi huu wote kwa sababu ya sentensi hiyo.

Tulichokosea kukiona

Ukiuliza mtu kwa nini anapeleka chakula kwenye nyumba yenye ugonjwa, atasema anampelekea mgonjwa. Katika nyumba ya watu wawili hilo huenda likawa kweli. Katika nyumba ya watu tisa ni makosa ya hesabu. Mgonjwa alikuwa anakula kidogo kuliko mtoto wa miaka 3, na alichoweza kukila kilibadilika kila baada ya siku chache. Wengine wanane walikuwa na afya, njaa na ratiba ya shule na kazi, na aliyekuwa akiwapikia kila siku ndiye aliyeanguka. Pengo la nyumba lilikuwa mlo wa jioni wa kawaida, katika siku za kawaida, kwa wiki nyingi. Mlo wa namna hiyo haupendezi kupelekwa, kwa sababu dengu na wali wa Jumatano ya wiki ya kumi haumpi mletaji sifa yoyote. Nadhani hilo lilichangia zaidi ya tunavyopenda kukiri.

Kwa hiyo mazungumzo yaliyorekebisha mambo sikuyafanya na baba wala na mgonjwa. Baba, kila alipoulizwa wanahitaji nini, alijibu kwamba wanashukuru na hawana shida, na ni jibu la heshima ambalo halimsaidii mpishi. Niliketi na binti yule, kwa ruhusa ya mama yake, nikamuuliza mambo madogo yenye majibu: watoto wanakula saa ngapi, nani hali nini, friji ina nafasi kiasi gani, una jiko la aina gani la kupashia, ni kitu gani mmekula mpaka mmekinai. La mwisho alilijibu kabla sijamaliza kuuliza.

Hesabu ya chungu

Tulipatikana wapishi watano wa kuaminika. Wengine waliotaka kusaidia walipewa kazi nyingine, kama kuwapeleka watoto shule. Tulikubaliana siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, chakula kikifika kabla ya saa kumi jioni na kuachwa mlangoni. Wiki 15 zilizobaki zilikuwa na zamu 45, yaani zamu tisa kwa kila mpishi, moja katika siku kumi na mbili hivi. Mtu anaweza kuvumilia hilo kwa miezi mitatu na nusu bila kuchoka wala kufilisika. Siku zilizobaki familia ilijipikia yenyewe, na hilo lilikuwa muhimu kwao kuliko nilivyotarajia.

Halafu tukapima. Walaji wanane bila mgonjwa, ukizingatia kwamba wa miaka 3 hula nusu sahani na wa miaka 14 hula kuliko baba yake, walitoa karibu sahani sita na nusu za mtu mzima, tukaandika saba. Mchele mkavu gramu 100 kwa sahani hutosha, kwa hiyo gramu 700, ambazo zikiiva huwa kama kilo mbili za wali. Dengu au maharagwe makavu gramu 500 hufikia kilo moja na zaidi kidogo baada ya kuiva, na hubeba takriban gramu 110 za protini, yaani karibu gramu 15 kwa kila sahani kabla ya kuhesabu kile kilichomo katika wali wenyewe. Kabichi nusu, karoti nne na vitunguu vitatu vilikamilisha mlo. Naweka vipimo hivi wazi kwa sababu kabla ya hapo kila mmoja wetu alikuwa anapika kwa jicho, na jicho la huruma hupika mara mbili ya kinachohitajika kisha hukosa fedha za mara ya pili.

Nyama iliingia mara moja kwa wiki, na hapo tulijifunza jambo kwa watoto. Katika siku za mwanzo mtu alileta kuku mzima, mzuri, aliyekatwa vipande vinane. Walaji walikuwa wanane na bakuli la mgonjwa ni la tisa. Mtoto wa miaka 6 aliporukwa wakati wa kupakua alilia, na dada yake mkubwa akampa kipande chake akisema, "Mimi siku hizi sili kuku." Alikuwa anakula kuku. Tangu hapo kuku alichemshwa mzima mpaka nyama iachie mfupa, minofu ikachambuliwa kwa vidole na kurudishwa katika mchuzi wenye viazi na karoti. Kuku wa kilo moja na nusu akigeuzwa namna hiyo huwafikia watu wote bila mtu kuhesabu vipande vya mwenzake, na mifupa ikirudishwa motoni pamoja na maganda ya karoti na kitunguu hutoa supu ya kupikia dengu za zamu inayofuata. Kwa jumla, hatua hii ndogo ilipunguza gharama kuliko kutafuta nyama ya bei ya chini.

Gharama iliyojificha ilikuwa moto. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria ya presha hupunguza tena, lakini akiba kubwa ilitokana na kupika maradufu: mpishi alipika kile ambacho nyumba yake ingekula jioni ileile, katika chungu kikubwa zaidi, kwa kuwa chungu kilichojaa hakiombi moto mara mbili ya kilichojaa nusu. Aliyetaka kupika kitu maalumu kwa ajili yao alizuiwa kwa upole. Tahadhari moja tuliisisitiza: maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoharibiwa na kuchemka kwa nguvu, kwa hiyo maji ya kulowekea humwagwa na maharagwe huchemshwa yakitokota kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Chungu kinachopika polepole bila kutokota hakitoshi, na maharagwe yaliyoiva nusu yanaweza kuumiza tumbo kuliko mabichi kabisa.

Jambo lililofanya kazi kuliko yote lilipendekezwa na bibi, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote mpaka wiki ya tano. Alisema, "Nileteeni maharagwe yaliyoiva, msiyaunge. Nitayaunga mwenyewe." Hapo awali tulidhani kumletea mtu chakula kisichoungwa ni kumletea kazi. Kumbe kazi nzito ilikuwa kuchambua, kuloweka na kuchemsha. Kuunga ni dakika kumi na tano, na ndani ya dakika hizo nyumba hupata harufu yake yenyewe jikoni. Maharagwe matupu yalimwezesha kutenga fungu lake kabla ya chumvi, kumpimia mjukuu asiyetaka kitunguu, na kuweka mengine kwenye friza. Kuanzia hapo kila zamu ya maharagwe ilileta mafungu mawili: moja la kuliwa siku hiyo na jingine la akiba.

Kuhusu kupooza hatukuacha nafasi ya kubahatisha tena. Chungu kirefu kilichojaa hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi hata kikiingizwa kwenye friji, na vuguvugu ndilo bakteria hulipenda. Chakula kilipakuliwa mara baada ya kuiva katika vyombo vya plastiki vyenye mfuniko, kina cha sentimita tano au chini yake, kikaingia kwenye friji ndani ya saa mbili, friji ikiwa nyuzi 4 au pungufu. Wali uliliwa ndani ya siku moja au ulimwagwa, mboga na mchuzi ndani ya siku tatu, na chochote kilichopashwa kilipashwa mpaka kifuke mvuke hadi katikati, mara moja tu. Vyombo vilikuwa vya kutorudishwa, au viliandikwa jina kwenye mfuniko. Kwa nyumba isiyo na friji ningeshauri jambo moja tu badala ya yote haya: peleka kinacholiwa kwa mkao mmoja, na usijivunie kilichobaki.

Bakuli la mgonjwa

Mgonjwa aliondolewa kwenye chungu. Kila zamu ilikuwa na kibakuli chake kidogo, kama mililita 200, kilichopikwa kando, kisicho na pilipili wala nyanya, cha kuliwa kikiwa cha baridi au vuguvugu: viazi vilivyopondwa kwa maziwa, uji wa shayiri uliokorogewa vijiko viwili vya maziwa ya unga ili kuongeza protini bila kuongeza ujazo, mayai yaliyochemshwa mpaka kiini kigande, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa kiwandani. Mayai yenye kiini kibichi, maziwa mabichi na mbogamboga zisizopikwa zilizotoka kwenye mikono ya watu wengi hazikuingia. Alipolalamika kwamba kila kitu kina ladha ya chuma, tulimpa kijiko cha plastiki, na kilisaidia kiasi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa mpaka nilipolikosea. Nilijua anapenda wali wa maziwa, nikampikia siku mbili baada ya kupata dawa, katika kilele cha kichefuchefu, nikidhani kipenzi chake kitampa hamu. Mwili wa binadamu huunganisha chakula na kichefuchefu kinachokifuata, hata pale akili inapojua kwamba chanzo ni dawa, na muungano huo unaweza kudumu muda mrefu baada ya tiba kwisha. Wali wa maziwa hataki kuuona hadi leo. Baada ya hapo siku za dawa zilipelekewa vitu visivyo na historia, kama mkate mkavu, viazi vitupu na supu nyepesi iliyopoa, na vipenzi vyake vikatunzwa kwa wiki ya tatu ya kila mzunguko, hamu iliporejea.

Bado sina uhakika kama tulimtendea haki bibi. Mlo wa bei nafuu kwa watu wengi huegemea wali, viazi na mkate, na hivyo ndivyo vinavyopandisha sukari yake. Tulimwongezea dengu na kabichi na kumpunguzia wali, lakini kwa zamu nyingi nina shaka kwamba alikula tulichowapikia wengine ili asionekane mwenye kuchagua katika nyumba yenye mgonjwa mwingine.

Katika zamu 45, zilizofika ni 41. Mara mbili mpishi alikuwa na mafua na alifanya vyema kukaa kwake, mara moja familia nzima ilikuwa hospitali, na mara moja, Jumatano ya wiki ya kumi na nne, nilisahau mimi. Nilikumbuka saa nne usiku, nikaenda asubuhi nikiwa na chungu na maneno ya kuomba radhi. Kijana wa miaka 14 ndiye aliyefungua mlango. Jioni ile bibi alikuwa ametoa fungu la maharagwe kwenye friza, akayaunga, na kijana akapika wali. Katika karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye friji, jina langu lilikuwa limepigwa mstari, na kando yake kumeandikwa kwa kalamu ya mtoto: tumekula.